Kisasi cha Popo

Kila asubuhi kaka yake alimwamsha kwa kikombe cha maji usoni.

"Amka, Popo! Jua limekushinda tena!"

Jina hilo alilibandika kaka huyohuyo, kwa sababu mdogo wake huyo wa kike alichangamka giza likiingia. Usiku alifanya hesabu bila kosa, akapiga pasi sare, akaosha vyombo huku akiimba kichinichini. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito kama gunia la mchanga. Mama yao, mshonaji, alisema tu, "Atazoea." Hakuzoea. Sasa hata majirani walimwita Popo.

"Utanitambua," aliapa moyoni.

Nafasi ikaja. Kaka aliitwa Jumamosi kwenye karakana ya useremala, akajaribiwe kazi. "Saa moja kamili," fundi alimwonya. "Mchelewaji simtaki." Ijumaa kaka akatega saa ya mezani, akalala mapema, akakoroma. Popo, macho makavu, akairudisha saa ile nyuma. Akalala akitabasamu. Kisasi kilikuwa kitamu kama pipi.

Kaka alifika karakanani jua limeshapanda, akafukuzwa. Aliporudi, aliketi kizingitini.

"Leo hunimwagii maji?" Popo akamchokoza.

"Niache, mdogo wangu. Nilitaka kumpunguzia mama mzigo. Sijui nilikosea wapi kutega saa."

Anajilaumu mwenyewe! Pipi ikageuka shubiri. Popo akatoka mbio hadi karakanani. Fundi alikuwa mama mmoja mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, fundi. Kaka yangu hana kosa. Mimi ndiye niliyeirudisha nyuma saa yake alipolala."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Mimi huchangamka usiku, asubuhi siamki upesi. Basi ananimwagia maji nikilala."

"Mara moja?"

"Kila siku! Nami nikawa navumilia tu."

"Kha! Mtu hamwagiliwi kama bustani. Hata mimi ningekasirika." Akaweka randa chini. "Kaka yako aje Jumatatu, nitamjaribu. Lakini sikiliza, binti. Kuchangamka usiku si kosa, ila shule haikungoji, kwa hiyo jizoeze kulala mapema kidogo kidogo. Na kuonewa ulionewa kweli. Ulikuwa na mdomo wa kusema, kwa kaka, kwa mama. Hukusema. Ukangoja mwenzio alale, ukamharibia riziki. Hapo mwonevu akawa wewe."

Popo akainama. "Basi mwambie kaka kwamba ni mimi."

"Thubutu! Mkono uliogeuza saa ni wako. Nenda kamwambie mwenyewe, tena sasa hivi, kabla hajaendelea kujilaumu."