Ukingo wa Kiatu cha Kulia

Majirani zangu, nimechoka, kwa hiyo sitazunguka. Nitawaeleza yaliyoikuta nyumba yangu mwezi wa pili, kisha nitawaambia la kufanya. Atakayekasirika aje aniambie. Nyumba yangu mnaijua na mlango haufungwi.

Ilikuwa Jumamosi, asubuhi nzuri. Jua limetoka, moshi wa kila nyumba umesimama wima, na baridi ni ile ambayo ukivuta pumzi pua inashikana. Jikoni kwangu kulinukia mkate wa kukaanga na mafuta ya bata bukini. Binti yangu Hattie, wa miaka tisa, alikuwa sakafuni akikata karatasi. Mimi nilikuwa mezani na beseni la kamba za ngozi mbichi, nikisuka upya wavu wa kiatu cha theluji cha mume wangu, Sanders. Yeye huchonga fremu ya mbao inayofungwa chini ya buti ili mtu asizame thelujini, mimi husuka wavu wake, kama walivyofanya wazazi wetu.

Kazi yenyewe ilinikera. Ukingo wa ndani wa kiatu cha kulia ulikuwa umelika, na kamba zimekatika palepale nilipozisuka wakati wa Krismasi. Anayesuka viatu hivi anajua mambo ya mtembeaji. Wavu ukilegea kisiginoni, mtu ameongeza uzito. Ukikatika mbele, ana haraka mno. Ukilika ukingo wa ndani, upande mmoja tu, basi kiatu cha pili kinamkanyaga mwenzake. Mguu wa kushoto wa Sanders ulikuwa unakanyaga ovyo, tena na tena, naye hajui. Mimi niliona. Nikajiambia ngozi ya mwaka huu ni mbovu.

Msinitazame hivyo. Nina diploma ya kazi za ofisi, na mabango yote yaliyobandikwa zahanati nimeyachapa mimi. Lile la kisukari, lenye picha ya unyayo na maneno "Kagua miguu yako kila siku," nilitoa nakala arobaini. Sikupeleka hata moja nyumbani. Sanders alikuwa na kisukari mwaka wa nne huo. Vidonge alimeza alipokumbuka. Nesi alimwita kupimwa miguu mara tatu, na mara tatu akaenda kuvua samaki.

Kaka yangu Bertie aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akamega mkate kabla ya kusalimia, akamgeukia Sanders.

"Shemeji, hujavaa bado? Kulungu wanasema wamechoka kukungoja."

Alimaanisha wale wakubwa, wenye miguu mirefu na pua ya kuning'inia. Nyayo zao zilikuwa zimeonekana ng'ambo ya ziwa.

Sanders alisimama mbele ya ukuta tunapotundika viatu. Nikamwambia, "Ngoja hivi vipana. Nimebakiza safu mbili. Theluji ya msituni ni unga mtupu, na mtarudi na mzigo."

"Vipana vinanitega," akasema. "Navaa vya baba."

Vya baba yake ni vyembamba, virefu, vimechongoka mbele. Ni vya kukimbilia ziwani theluji ikiwa imekaza. Sanders alivivaa akiwa kijana mwembamba.

Bertie akaangua kicheko. "Vya baba? Vile vilibeba kijana, shemeji. Sasa kuna kijana na tumbo lake. Utazama, tukutafute kwa kuona kofia."

"Afadhali mwenye tumbo kuliko aliyepiga risasi kisiki mwaka jana."

"Kisiki chenyewe kilikuwa kinanitazama vibaya!"

Wakacheka. Hattie akacheka. Mimi pia nilicheka. Vipana vinanitega: ugonjwa wenyewe ndio huo, umetajwa mbele ya watu watatu, na sisi tunacheka. Kisukari huitia miguu ganzi, na mtu anayeisikia miguu yake hategwi na viatu alivyovivaa miaka kumi. Lakini kwetu mwindaji haambiwi avae nini. Nilisema mara moja, nikaona nimetimiza wajibu, nikarudi kwenye beseni langu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Bertie, ambaye hadi leo akiyasimulia anatazama chini.

Waliacha pikipiki ya theluji mbali ili mngurumo usifukuze wanyama, wakaendelea kwa miguu. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wameangusha jike mnene. Wakapasua, wakafunika sehemu ya kurudia kesho, na Sanders akabeba paja zima mgongoni, maana hajawahi kurudi mikono mitupu mbele ya shemeji yake. Njiani kuna kijito. Maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu na kujificha chini ya theluji, jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua. Bertie, mwenye viatu vipana, alipita juu yake. Sanders, na viatu vyake vyembamba na lile paja, akazama mguu wa kushoto hadi katikati ya muundi.

"Umelowa?" Bertie akamwuliza.

"Aa, pakavu."

"Hakika? Kuni hizi hapa, nakuwashia moto sasa hivi."

"Pakavu, nakwambia. Tembea bwana, dada yako atatupigia kelele."

Nataka mjue jambo moja: hakudanganya. Aliuuliza mguu wake, na mguu haukumjibu.

Walitembea saa mbili kufikia pikipiki, kisha saa nzima ya upepo. Walifika jua halijazama. Nilipoona lile paja nilifurahi, na nikaweka sufuria. Sanders alikaa kwenye benchi, akafungua kamba za utambi wa taa anazofungia buti, akazivua, akatembea kwenda mezani.

Hattie akainua kichwa. "Baba, mguu wako unagonga."

"Unagonga nini?"

"Sakafu. Kama kuni."

Nilikata soksi kwa mkasi. Ilikuwa imegandamana na mguu. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa, vigumu, na chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cheusi, kikubwa, cha wiki nyingi. Sanders alikitazama kama anayetazama kitu cha jirani.

"Kumbe," akasema.

Ndege ilimchukua kesho yake asubuhi. Kule hospitali ya kusini walikata nusu ya mbele ya mguu wa kushoto. Daktari alinieleza kwa upole kwamba baridi ilimalizia tu. Kidonda kilikuwa kimetangulia. Nililala kwenye kiti wiki sita. Nyama Bertie aliigawa nyumba kwa nyumba, na ninyi mlikula. Haikuwa na kosa lolote. Sehemu yangu bado iko kwenye friza.

Tulirudi mwezi wa nne. Siku ya tatu nilimkuta amesimama mbele ya ule ukuta, na fimbo mkononi.

"Mama Hattie," akasema, "nichagulie."

Miaka kumi na sita ya ndoa, hajawahi kuniomba hivyo.

"Vua soksi kwanza."

"Hapa mlangoni?"

"Hapa hapa."

Akavua. Hattie akashika kioo ili aone unyayo wenyewe. Tulitazama wote watatu. Kisha nikampima viatu vipya, vifupi na vipana, vya kwenda kwenye mitego ya sungura iliyo karibu. Kwenda kuwinda kulungu hawezi tena, na hilo analijua bila mimi kumwambia.

"Sungura tu, kama bibi yangu," akasema.

"Bibi yako alikuwa na vidole kumi."

Akacheka kidogo. Nami nikaenda kuloweka kamba.

FUNZO

Kilichokata mguu wa mume wangu si baridi, wala si viatu vyembamba. Ni kisukari kilichofichwa na mwenye nacho, na mke aliyekiona akanyamaza kwa sababu mwindaji hasemwi.

Wanaume: mkichagua viatu vya theluji, chagueni kwa uzito mlio nao leo pamoja na mzigo wa kurudi nao. Na kabla ya kuchagua, tazameni miguu, hata kama haiumi. Hasa kama haiumi. Mkizama kwenye maji, vueni na mguse kwa mkono. Msiungoje mguu useme wenyewe.

Wanawake mnaosuka: mnajua mnachokiona ukingoni. Semeni. Akinuna, semeni tena akiwa amenuna.

Nesi yupo zahanati kila Jumanne kuanzia saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwa mlangoni na kioo, na sitauliza jina la mtu. Njoo uvue soksi.