Mfupa Uliokataa Kukauka

Vanishi ilikataa kukauka. Fuvu la swala lilikuwa tayari, la nyati nalo linang'aa mpaka ungeweza kujitazama kwenye paji lake, lakini ule mfupa mrefu, wa kutengenezea mpini wa fimbo ya afande, bado ulinata. Oloo akailaumu vanishi. Tangu Wahindi wafukuzwe, kopo moja lilikuwa la kutafuta kwa tochi, na ukilipata limeshatiwa mafuta ya taa.

Afande alikuwa ameleta gunia zima. "Hii moja ya nyani," alisema akicheka. "Jumamosi nakuja. Ing'ae kama kioo."

Oloo, Mjaluo wa Kisumu aliyevuka mpaka akahamia Ggaba, mwalo wa wavuvi ambako harufu ya samaki ilifunika harufu ya kazi yake, alijua mifupa. Nyani wa mkono mrefu hivyo hajazaliwa. Lakini miaka ile watu walitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe, na fundi aliyetaka kuishi alichemsha alicholetewa. Naye akachemsha, akakwangua, akaanika.

Mkewe, Akullo, alikuwa na msiba wake usio na kaburi. Kaka yake Tarcisio, askari, aliitwa kazini kabla ya mvua na hakuonekana tena. Kila alipolala Akullo alimwota akilia.

Katikati ya mfupa palikuwa na kinundu, pale ulipowahi kuvunjika ukaunga vibaya. Mpini hautaki kinundu. Oloo akakisugua kwa msasa kikaisha, akapaka vanishi, akaenda kula. Aliporudi kinundu kilikuwa pale pale, na juu ya vanishi mbichi pana alama za vidole ambavyo si vyake. Akasugua tena, kwa hasira sasa, na harufu ya sabuni na jasho la mtu ikapanda, na jua la saa sita likiwa juu ya bati, na wauza samaki wakipiga kelele kama siku zote, akasikia ndani ya mfupa mtu akivuta pumzi kati ya meno kama anayevumilia maumivu, kisha sauti ya chini, yenye adabu:

"Shemeji, unaniumiza."

Msasa ukamponyoka. Mkono ule Oloo aliufunga mwenyewe kwa vijiti, mwaka Tarcisio alipoanguka na baiskeli. Yeye ndiye aliyeufunga vibaya.

"Iko nani ndani?" Akullo alinong'ona mlangoni. "Mimi nasikia mutu nalia."

"Hakuna mtu."

"Mzee, mimi naogopa. Hii nyumba imeingia kitu."

Akullo akaenda mwenyewe kumwita Muhamadi, mganga wa Kinubi. Muhamadi alifukiza ubani, akatega sikio kwenye mfupa, akarudi nyuma upesi.

"Jini nakalia mutu ya kufa," alisema kwa sauti ya chini. "Kama wewe najua jina yake, ita yeye, zika yeye kwao, jini natoka na mutu napumzika. Kama hujui, mimi nafukuza yote mbili. Lakini huyu mutu atapotea kabisa. Hata kwa ndoto ya ndugu yake hatakuja. Fundi, wewe najua jina?"

Akullo alikuwa ameshika chetezo. Oloo akamtazama. Akilitaja jina, Akullo ataangua kilio Ggaba nzima isikie, Jumamosi afande atakuta mpini haupo, na gunia litakalofuata litakuwa na mifupa yao wawili. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa.

"Sijui," alisema.

Muhamadi akasoma, akanyunyiza maji. Mfupa ukagonga meza, ukagonga, ukagonga, kama mtu anayebisha hodi kwa dada yake na haamini kwamba hafunguliwi. Kisha ukatulia. Kabla ubani haujazimika vanishi ilikuwa imekauka, na kinundu hakipo.

Jumamosi afande aliupapasa mpini kwa kidole gumba, akasifu, akaondoka nao.

Jioni hiyo Akullo alikula akashiba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Leo mchana nimelala," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha. "Tarcisio hakuja kulia. Jana pia hakuja. Mzee, nafikiri ndugu yangu iko hai."

"Ndiyo," Oloo akasema. "Yuko hai."