Jovina na Bei ya Kuanzia

Chamazi yote, ukiuliza nani anajua kushusha bei, utaambiwa Mama Asifiwe. Jina lake ni Jovina. Asubuhi anakaanga chapati za kuuza. Akipata nafasi anakwenda Mbagala sokoni. Akirudi hasemi amenunua kwa shilingi ngapi. Anasema amepunguziwa ngapi. "Yule nimemshusha elfu kumi," atawaambia majirani, na siku hiyo atalala na raha zake.

Lakini jambo moja lilimkaa rohoni. Krismasi iliyopita pesa zilimwishia kabla ya kumfikia kitindamimba wake, Lusungu. Dada na kaka walikwenda kanisani na viatu vipya. Lusungu, binti wa miaka sita, alikwenda na yeboyebo, ndala zake za plastiki. Hakulia. Alificha miguu chini ya benchi ibada nzima, na Jovina aliona. Ilimuuma sana. Mwaka huu akaapa: hata wakikosa pilau, Lusungu atavaa viatu.

Desemba ilipofika alivunja kibubu, kile kisanduku cha mbao alichotumbukiza pesa za chapati mwaka mzima. Akamlipa fundi nguo. Akatenga pesa za mchele na nyama. Zikabaki elfu sitini za viatu vya watoto watatu.

Mkubwa wao, Asifiwe, alikuwa kidato cha kwanza, na hisabati walikuwa hawapatani kabisa. Mwalimu wake, Herieth, ambaye ni jirani yao, aliwapa wanafunzi kazi ya likizo. Waende sokoni na wazazi. Waulize bei ya kitu kilekile kwa wauzaji wawili. Waandike bei ya kuanzia, bei ya mwisho, na punguzo kwa asilimia. Jovina alicheka mpaka akakaa chini. Tangu lini mtu akanunua kwa daftari? Kununua ni mdomo.

Jioni alimkuta mwalimu bombani, akamtania vilevile mbele ya Asifiwe. Mwalimu naye akacheka, kisha akauliza. Mtu akikutajia elfu kumi, akakuuzia elfu saba, amepunguza ngapi? Jovina akajibu hapohapo: elfu tatu.

"Sasa katika kila mia ni ngapi?" mwalimu akamgeukia Asifiwe. "Gawanya elfu tatu kwa elfu kumi, zidisha kwa mia."

Asifiwe akapiga hesabu kwa kidole kwenye ndoo yenye unyevu. Asilimia thelathini.

"Punguzo zuri hilo," Jovina akasema.

"Bado hatujui, Mama Asifiwe. Asilimia inakwambia bei imeshuka kiasi gani kutoka pale muuzaji alipoanzia. Na pa kuanzia anapachagua yeye. Linganisha pesa inayotoka mkononi mwako."

Jovina akasema haya mwalimu, ile haya ya kumaliza maneno, akajitwisha ndoo yake.

Jumamosi Jovina na Asifiwe walikwenda Mbagala, moja kwa moja mpaka kwa Albano, muuzaji wake wa miaka yote. Viatu vya Asifiwe, Albano akataja elfu arobaini. Jovina akaomba, akanuna, akajifanya anaondoka, akarudi. Wakamalizana kwa ishirini na nane. Vya Praygod, yule wa kati, vilianzia thelathini, vikafika ishirini na mbili. Jovina alikuwa anang'aa. Jozi mbili tu, ameshusha elfu ishirini.

Zikabaki elfu kumi. Vya Lusungu vilianzia ishirini na nne, vikashuka mpaka kumi na sita, vikagoma hapo. Jovina alibembeleza mpaka sauti ikakauka. Albano akatikisa kichwa. Jovina akazitazama zile noti kumi za elfu moja moja. Yaani mwaka wa pili, mtoto yuleyule.

"Mama, usilipe kwanza," Asifiwe akasema. "Hata kazi yangu ya mwalimu haijaisha. Anatakiwa muuzaji wa pili."

Wakaenda vibanda vinne mbele, kwa kijana anayeitwa Talha. Viatu vilevile vya Asifiwe. Talha alianzia ishirini na tano, akaishia ishirini, akarudi kwenye simu yake. Jovina alikasirika. Elfu tano tu? Anamchukulia yeye nani?

Asifiwe akamwonyesha daftari. "Albano amekupunguzia asilimia thelathini. Huyu ishirini. Lakini kwa Albano unalipa elfu ishirini na nane. Hapa unalipa ishirini. Elfu nane inabaki kwako."

Jovina akalichukua daftari, jambo ambalo Mbagala hawajalizoea. Akalisoma mara mbili. Kisha akanunua vyote kwa Talha: vya Asifiwe ishirini, vya Praygod kumi na saba, vya Lusungu, vilivyoanzia kumi na tano, kumi na tatu. Jumla elfu hamsini. Elfu kumi ikabaki.

Wakati wa kurudi alisimama kwa Albano, akamuuliza kwa nini. Albano wala hakuona haya. "Mama, wewe usiposhushiwa nyingi huondoki na furaha. Basi mie nakuanzia juu, ufurahi." Jovina alikasirika mpaka kituoni. Miaka yote hiyo! Halafu akacheka mwenyewe, akamshika binti yake bega. Alimwonea fahari, na akamwambia.

Krismasi, Lusungu alikataa kukaa. Alisimama kwenye benchi karibu ibada nzima, miguu juu, kila mtu aone. Jovina hakumkemea. Walipotoka nje akina mama wakamzunguka, wakitaka kujua vile viatu vya mtoto.

"Elfu kumi na tatu," Jovina akasema.

Ndiyo, lakini alishusha ngapi?

"Elfu mbili."

Wakatazamana. Mmoja akampa pole, akamwambia labda siku hiyo alikuwa anaumwa. Jovina akashukuru kwa pole, akaenda kumfunga Lusungu mkanda wa kiatu.