Kartushi Nyepesi ya Octave

Wakati wa Wabelgiji, kule Wamaza, ukungu wa asubuhi ulilala juu ya mihogo mpaka jua likumbuke kazi yake. Octave alipenda saa hizo. Hata akipalilia aliota macho wazi: mbawala anatoka kichakani, taratibu, kama mtu anayekuja kusalimia.

Porini ndoto hiyo iliharibika. Mdogo wake, Antoine, alifukuza wanyama kwa mbwa wenye kengele shingoni. Octave aliwangojea mbele na bunduki. Mnyama akitokea, Octave alifumba macho, kisha akafyatua. Siku moja risasi zilipasua majani karibu na kichwa cha Antoine. Emilienne, mke wa Octave, alilia sana. Alisema hataki kumzika shemeji yake kwa sababu ya nyama.

Octave akaenda kwa jirani yao Kasimu, mwindaji wa siku nyingi. Kasimu alimwomba avue shati. Bega lilikuwa jeusi kwa mapigo ya bunduki. Vijana wa pale walilisifu bega la namna hiyo. Kwao, bunduki isiyoumiza haikuwa bunduki. Octave naye alijivuna, na kila mara alinunua kartushi za baruti na risasi zilizo nzito kuliko zote dukani Kabambare.

"Ugonjwa iko hapa," Kasimu alisema. "Baruti mingi na risasi nzito vinasukuma bunduki nyuma na nguvu. Bega yako inajua itapigwa. Ni vile macho inajifunga."

"Na kartushi nyepesi itaua mbawala?"

"Itaua, ukimungojea mpaka afike karibu. Lakini namba ya kartushi na namba ya bunduki iwe moja. Bila vile, bunduki inaweza kupasuka na kukuua weye."

Akamfundisha pia kubana kitako cha bunduki begani, pasibaki nafasi. Octave alijaribu kartushi nyepesi kwenye gogo. Bunduki ilimsukuma kidogo tu. Macho yalibaki wazi. Akacheka peke yake.

Walipoenda tena kuwinda, mbawala alitoka ndani ya ukungu, mzuri kupita ndoto zote. Octave akalenga. Bega halikuogopa. Ndipo akaona, nyuma ya mnyama, shati jeupe la Antoine. Akashusha bunduki. Mbawala akapita karibu naye, akaenda zake.

"Yaya, haukumuona?" Antoine alimuuliza kaka yake, akihema.

"Nilimuona," Octave alijibu. "Na weye nilikuona."

Jioni ile walikula bugali na sombe tupu, majani ya mihogo bila nyama. Emilienne alimpakulia Antoine mara mbili.