Sauti Nyuma ya Makomeo Matatu

Fundi wa lifti alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango uliogoma kufungika, bisibisi mdomoni, wafanyakazi wa kituo cha televisheni wakimpita mbiombio huku na huku, alipoona viatu vyekundu vimesimama kando ya boksi lake la vifaa.

"Samahani, kaka. Kamba ya lifti ikikatika, mtu anapata muda wa kupiga kelele?"

Akatoa bisibisi mdomoni. "Dada, unataka kumuua nani?"

"Wengi. Ijumaa hii watatu."

Gauni la kijani, kalamu imechomekwa kwenye nywele, macho ya mtu aliyekosa usingizi. Ndiye aliyeandika ile tamthilia ya viumbe wa sayari nyingine iliyowafanya watu wazima waogope kwenda chooni peke yao. Alianza na matangazo ya sabuni, akawaandikia wengine mizimu bila jina lake kutajwa, na sasa msimu mzima ulikuwa wake.

Walipendana upesi. Kumbe huyu mtisha watu alikuwa mwoga kupindukia! Mlango wake ulikuwa na makomeo matatu, na hata mama yake mzazi hakufunguliwa bila kuhojiwa.

"Mwanangu, nimekuzaa mimi!"

"Sawa, mama. Paka wetu wa kwanza alikuwa na rangi gani?"

Fundi naye alihojiwa kila jioni, akawa anajibu huku akicheka. Mchana Fundi ndiye aliyempigia simu.

"Umekula, kipenzi? Usinidanganye, nasikia tumbo lako hadi huku."

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula."

Kisha kimya, na nyuma ya kimya vidole vikigonga kompyuta.

"Unaandika nini?"

"Kazi tu, mpenzi."

Jibu hilo halikumkaa vizuri.

Ijumaa Fundi alikuwa kwa dada yake, wote wamejikunyata kwenye kochi. Kwenye televisheni, kiumbe kilichovaa ngozi ya mume wa mtu kilisimama nje ya mlango, kikasema kwa upole, "Umekula, kipenzi? Usinidanganye, nasikia tumbo lako hadi huku."

Dada yake aliacha kutafuna. "We! Si maneno yako hayo unayomwambia kwenye simu?"

Fundi alipunguza sauti ya televisheni.

"Wifi yangu kakufanya zimwi!"

Tangu hapo kila kitu kilimtia shaka. Yale maswali, kile kimya cha kwenye simu. Huenda hata siku ile ya lifti hakupendwa, alichotwa tu kama maji ya bomba. Simu iliita na kuita, hatimaye akapokea.

"Mbona hupokei, jamani?"

"Naogopa utaniandika."

"Njoo nikueleze."

"Ili iwe ya msimu ujao?" Akakata.

Jumapili alasiri alikwenda kuchukua drili aliyoiacha kwa mwandishi, basi. Akagonga, akajiandaa kwa maswali. Lakini mdomo ukamtangulia, kwa uchungu zaidi kuliko kwa mapenzi: "Umekula?"

Komeo la kwanza likalia. La pili. La tatu. Mlango ukawa wazi.

"Hukuniuliza kitu," Fundi alisema.

Mwandishi alitazama mkono wake mwenyewe, kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nilihitaji sauti ambayo mwanamke mwoga angeifungulia bila kuuliza," alisema polepole. "Niliitafuta kila mahali. Ninayo moja tu."

"Ungeniomba."

"Kweli, nilipaswa kukuomba. Nisamehe."

Drili ilikuwa pale pale karibu na mlango. Fundi akairuka, akaenda mezani. Kwenye kompyuta mstari wa mwisho ulisomeka: *Mke anashika komeo la tatu.*

"Anafungua?"

"Sijui. Wanataka mwisho kesho."

"Basi aamue kesho. Leo ule kwanza." Akaurudia mlango, akafunga komeo moja, mawili akayaacha. "Na haya ya leo usiyaandike."

Kidole cha mwandishi kiligongagonga pajani, kama kinachapa. "Sawa."

"Nimekiona hicho kidole."

Akakificha mgongoni, akicheka.