Mbao, Mpira au Bati

Jumatatu moja ya Oktoba 1984, Hilaria aliteremka kwenye basi la asubuhi kutoka Dareda, alikokwenda kumwuguza mama yake. Alikuwa na mdogo wake Paskasi, aliyembebea mfuko wa maharage. Walipofika nyumbani Babati walikuta lango la uani limerudishiwa tu.

"Baba Evangelina!" Hilaria aliita.

Hakuitikiwa. Pikapu ya mumewe Melkiadi, Pijo ya rangi ya maziwa, ilikuwa mahali pake karibu na banda la kuku, mlango wa nyuma wa bodi umeshushwa. Mwenyewe alikuwa amelala ndani ya bodi, kifudifudi, miguu inaning'inia nje. Damu ilikuwa imekauka kwenye mikunjo ya chuma.

Kabla Hilaria hajamaliza kupiga yowe, Paskasi alishapata jibu.

"Ni Halidi," alisema. "Nani mwingine? Mji mzima ulimsikia juzi."

Sajini Herieli wa kituo cha polisi alifika saa tatu hivi akiwa na konstebo mmoja. Alikuwa Mmeru mrefu, mpole wa sauti, aliyehamishiwa Babati mwaka uliotangulia. Aliuzunguka uwanja wote kabla ya kugusa kitu. Mtaimbo ulikuwa chini ya gari, umefutwa kwa nyasi, lakini haukufutika vizuri. Saa ya marehemu ilikuwa mkononi na funguo za gari mfukoni. Kwa hiyo aliyeua hakuja kuiba, na katika miaka ile ambapo hata mche wa sabuni ulitafutwa kwa foleni, mwizi asingeacha vitu hivyo.

Kisha aliangalia bodi. Mbao kuukuu zilizokuwa zimetandikwa humo zilikuwa zimeng'olewa zote. Zilipangwa vizuri kando ya ukuta, moja juu ya nyingine, misumari yake ndani ya kopo. Ubao mmoja tu ulikuwa umetupwa mbali, karibu na banda la kuku, misumari ikiwa bado mwilini. Ulikuwa ni ubao wa mwisho, uliokaa nyuma ya kioo cha dereva. Mahali ulipotoka, kwenye bonde la chuma lililojaa tope kavu na makapi ya mahindi, palikuwa na alama ya duara, ndogo kama mdomo wa kikombe cha chai. Ukingoni mwa duara Herieli aliona ukijani hafifu. Aliukwangua kwa ukucha, akaunusa. Ilikuwa kutu ya shaba.

"Mama Evangelina, pole sana," alisema. "Mzee alikuwa anafanya nini na gari hili?"

"Bodi lilikuwa linaoza," Hilaria alijibu kwa shida. "Mahindi mabichi, samaki wa ziwani, chumvi, vyote vinapita humo. Bodi likitoboka tutapata wapi jingine? Kwa hiyo alikuwa anatafuta kitandiko kipya. Wiki nzima ni hilo tu. Mara mbao za Konstantini, mara mpira wa Halidi, mara bati la Mzee Sylvesta. Alisema ataamua Jumapili, kwa sababu Jumapili baada ya saa nane magari hayaruhusiwi barabarani, atakuwa na nafasi."

"Na hizi mbao za zamani aliziweka nani?"

"Paskasi huyu. Alipokuwa dereva wetu. Siku hizi haendeshi tena, analima kwao."

Paskasi alikuwa amesimama mlangoni. "Afande, unauliza habari za mbao na muuaji yuko dukani anauza chumvi?"

Herieli alimtazama, kisha akafunika kichwa cha marehemu kwa kitambaa.

Halidi alikutwa dukani kwake sokoni, milango nusu imefungwa. Mwaka wa nyuma, katika msako wa walanguzi, alikamatwa kwa katoni za sabuni zilizokutwa stoo, akakaa mahabusu miezi kadhaa. Mji mzima ulijua kwamba aliyepeleka habari ni Melkiadi.

"Ulimwambia atalia na wewe," Herieli alisema. "Watu wamesikia."

"Nilisema." Halidi hakukana. "Nilikonda jela, afande, mke wangu akarudi kwao. Halafu Jumamosi mtu huyohuyo anaingia dukani kwangu anapapasa mpira wangu, anauliza kama unavumilia maji! Nilimwambia, wewe utalia na mimi. Akacheka. Akasema afadhali atandike ngozi ya punda kuliko kitu kilichotoka kwa mlanguzi. Akaondoka."

"Mpira wenyewe uko wapi?"

Halidi alionyesha kona. Mkanda mnene mweusi, uliotoka kwenye mitambo ya machimbo, ulikuwa bado umeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani, vumbi juu yake.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu. Najua hilo halinisaidii." Alikunja mikono. "Sitakudanganya, afande. Niliposikia amekufa nilifurahi. Lakini mkono wangu haumo."

Konstantini seremala alikuwa na watu wa kumshuhudia. Tangu misa hadi jioni alikuwa kwenye sherehe ya kipaimara huko Sigino, na padre mwenyewe alikula naye. Herieli alimwuliza kuhusu kazi tu.

"Tulikubaliana nibadilishe mbao mbili zilizooza huku nyuma," Konstantini alisema. "Zilizobaki zilikuwa nzima. Mbao ni nzuri, mzigo hautelezi, ila zinashika maji."

"Na kama angechagua mpira?"

"Mpira unautandaza juu ya mbao hizohizo. Tena unakaa vizuri zaidi."

"Kwa hiyo nani angeng'oa mbao zote?"

Konstantini alifikiri kidogo. "Anayetaka kuweka bati. Bati lazima lilale juu ya chuma chenyewe, ukunje kingo. Ukiliweka juu ya mbao litapigapiga na kupasuka."

Wa tatu alikuwa Mzee Sylvesta, fundi bati, aliyefanya kazi kwenye baraza moja sokoni, ng'ambo ya duka la Halidi. Alitengeneza koroboi, ndoo na karai kwa makopo na mapipa ya zamani, na watu wa Babati walimtegemea sana wakati huo. Herieli alimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana ulikwenda kwa Melkiadi?"

"Nilikwenda, baada ya saa nane." Hakuacha kugonga. "Nikapima bodi. Akasema bati lina kelele na kingo zake zinachana magunia. Akasema amechagua mpira wa Halidi. Nikarudi nyumbani. Hata ubao mmoja sikugusa."

"Mpira wa Halidi? Una hakika?"

"Ndivyo alivyosema."

Herieli alimshukuru. Hakwenda kituoni. Alikwenda Singe, kwenye nyumba ya Sylvesta, na njiani alikuwa na fikra moja tu. Mtu anayedai marehemu alikataa bati kabla ubao haujaguswa alikuwa anasema uongo, kwa sababu mbao zote zilikwisha kung'olewa, na kazi hiyo ilikuwa na faida kwa bati peke yake. Tena Melkiadi alikwisha kuukataa mpira mbele ya mwenyewe tangu Jumamosi. Lakini fundi aliyepata kazi ana sababu gani ya kumwua aliyempa kazi?

Mke wa Sylvesta, Dorothea, alikuwa anapepeta mahindi uani. Watu walimwita Mama Katarina. Alipompa Herieli mkono, sajini aliona bangili ya shaba kwenye kifundo chake, imesuguliwa hadi inang'aa. Ilikuwa ndogo mno. Ilikuwa imembana hadi nyama imevimba pande zote mbili.

"Mama, hiyo bangili inakuumiza."

Dorothea aliifunika kwa kiganja. "Ni ya mtoto. Ya marehemu Katarina. Baba yake aliifua mwenyewe, hizi nukta alizigonga mwenyewe." Kisha akaendelea, kwa maana mtu aliyefiwa hupenda kuulizwa habari za mtoto wake. "Mwaka themanini na moja nilimtuma hapo mbele kupeleka maziwa. Hakurudi. Walimkuta ziwani, kwenye matete. Watu wakasema kiboko. Lakini kiboko gani anavunja mguu na asing'ate? Na bangili haikuwepo mkononi. Polisi wa wakati ule waliandika kiboko, wakafunga. Mume wangu hakufunga. Kila gari linalokuja kuzibwa au kugongwa bati, analikagua chini na juu."

"Na hii ameipata wapi?"

"Jana jioni aliniletea. Alisema ilikuwa ndani ya sanduku la zamani." Alimtazama Herieli. "Hatuna sanduku ambalo sijalifungua, afande. Nilijua. Lakini nilifurahi kuivaa, sikuuliza."

Herieli alisikia kelele za sokoni kabla hajafika. Paskasi alikuwa amekusanya vijana na wanaume wa mtaani, baadhi wakiwa na fimbo na wengine mawe. Milango ya duka la Halidi ilikuwa imefungwa kwa ndani, na mtu mmoja alikwisha kuleta kopo la mafuta ya taa, bidhaa ambayo watu walikuwa wanaikosa hata ya kuwashia taa. Hilaria alisimama mbele, kanga ya msiba kichwani.

"Atoke!" Paskasi alipiga kelele. "Damu kwa damu! Tukingoja mahakama atatoka kama alivyotoka kwenye sabuni!"

Konstebo alikuwa peke yake mlangoni, rungu mkononi. Ng'ambo ya njia Mzee Sylvesta aliketi kwenye baraza lake. Hakuwa anagonga tena. Alikuwa anatazama lile kopo la mafuta.

Herieli alimwinamia.

"Baba Katarina," alisema taratibu. "Nimetoka nyumbani kwako. Nimeiona mkononi mwa mama. Mbao ulizing'oa wewe, mpaka ule wa mwisho. Sasa watu hawa wanakwenda kuchoma mtu kwa mkono wako. Huyo naye ni mtoto wa mtu."

Sylvesta aliweka nyundo chini. Kisha akasimama, akavuka njia, akapita katikati ya umati akisukuma mabega ya watu kama anayekwenda kununua kitu.

"Mwacheni Halidi," alisema. "Nilimwua mimi."

Watu walidhani hawakusikia vizuri. Alirudia, safari hii kwa sauti.

"Alikubali bati. Tukawa tunang'oa mbao pamoja, tunacheka. Kwenye ubao wa mwisho nikaiona bangili ya mwanangu, imekwama kwenye tope. Miaka mitatu nimelala na hiyo bangili kichwani. Nikamwuliza, hii imefikaje humu? Akabadilika rangi. Akasema, si mimi. Nikasema wote husema hivyo. Mtaimbo nilikuwa nao mkononi." Alimgeukia Hilaria. "Sikuombi msamaha, mama. Mumeo alinila nikiwa hai. Ila huyu wa dukani hakustahili. Nilimtaja ili nipate muda, kisha nikaona mafuta, nikaona nimekuwa kama wao."

"Umesikia!" Paskasi aliinua jiwe. "Amekiri! Mnangoja nini?"

Herieli alimshika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana.

"Kuna swali moja, Paskasi. Mwaka themanini na moja gari la Melkiadi lilikuwa linaendeshwa na nani?"

"Na shemeji. Lilikuwa gari lake."

"Dada yako ameniambia leo asubuhi kwamba ulikuwa dereva wao, na kwamba mbao zile uliziweka wewe. Melkiadi alizing'oa jana bila wasiwasi, huku anacheka na baba wa mtoto. Mtu anayejua kilichofichwa chini ya mbao hamwiti baba wa mtoto aje azing'oe. Wewe ulizipigilia kwa haraka, juu ya tope, bila hata kuosha. Halafu ukaacha udereva ukarudi kulima. Na tangu asubuhi unataka mtu afe kabla mimi sijauliza habari za mbao."

Jiwe lilianguka. Paskasi alitafuta uso wa dada yake.

"Dada, mwambie."

Hilaria alimsogelea. Alikuja sokoni kutaka damu, na sasa damu ilikuwa inamwangalia kwa macho ya mdogo wake.

"Ulirudi jioni ile gari limelowa," alisema. "Ukasema umegonga mbuzi. Baada ya siku chache tukasikia habari za mtoto. Mume wangu alikuuliza, ukalia, ukampigia magoti. Nami nilimpigia magoti kwa ajili yako. Akanyamaza. Alikufukuza kwenye gari, lakini alinyamaza." Sauti yake ilipanda. "Alinyamaza kwa ajili yako, na leo umenileta hapa nichome mtu mwingine!"

"Nilikuwa nampeleka hospitali!" Paskasi alilia. "Alikata roho njiani, nikamtupa kwenye matete. Niliogopa, dada. Niliogopa tu."

Konstebo alimfunga pingu. Wale vijana walianza kutawanyika mmoja mmoja bila kutazamana, na aliyeleta mafuta ya taa akaondoka bila kopo lake. Halidi alifungua mlango, akachungulia, akakaa kwenye kizingiti.

Sylvesta alikuwa bado amesimama pale aliposimama. Herieli alimshika mkono kwa heshima, kama mtu anavyomshika mzee anayevushwa mto, wakaanza kwenda kituoni. Walipofika karibu na mti ulio mbele ya posta, mzee alisimama.

"Aliposema si yeye," alisema, "nilimpiga mara moja, akaongeza neno. Alisema, 'Mzee, ngoja nikuambie ni nani.' Alikuwa anataka kuniambia."

"Ndiyo, mzee."

"Miaka mitatu nilitafuta mtu mmoja wa kuniambia." Alitazama viganja vyake. "Nikampata, nikampiga tena."