Wimbo Wenye Mguu Mmoja Mfupi

Mwisho wa mwezi jengo la mafundi halipitiki. Ghorofa ya chini wanauza simu, ya juu wanashona nguo, na siku ile watu walibanana kwenye ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Katikati ya msongamano huo mwanamume mrefu, mwenye ovaroli ya buluu na mikono ya grisi, alisimama mbele ya meza ya mshonaji mmoja akauliza kama ana sindano.

"Namba ngapi?" mshonaji akauliza kwa pembe ya mdomo, maana alikuwa amebana pini kwenye meno. Mbele yake kulikuwa na gauni la bibi harusi na bibi harusi mwenyewe, asiye na subira.

"Sijui kama zina namba. Nataka ya santuri."

Mshonaji akatoa pini mdomoni ili amtazame vizuri. "Kaka yangu, hapa tunashona nguo. Sindano za hospitali, vuka barabara. Za santuri kamuulize babu yako."

"Huko chini nilisema sindano tu, wakaniambia panda juu."

"Basi umepanda bure."

"Sijapanda bure. Mimi ni fundi lifti. Ningepanda tu."

"Kumbe ni wewe. Tumechoka ngazi tangu asubuhi, wewe unatafuta santuri."

"Imeshapona," akasema. "Ukishuka, ijaribu."

Jioni mshonaji aliposhuka aliijaribu, ikamfikisha. Kesho yake mwanamume akarudi na zipu iliyokatika, na keshokutwa na nyingine, ambayo mshonaji aliona wazi kuwa imekatwa kwa makusudi. Haukupita mwezi kabla mwanamume hajaanza kumwita mshonaji Sindano. Yeye akamwita Lifti, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupanda na kushuka: leo anacheka mpaka machozi, kesho umwambie habari mara tatu ndipo asikie. Mapenzi ni kikohozi, na ghorofa nzima ya washonaji ilishawasikia wakikohoa.

Sindano hakuwa msichana wa kudanganywa kwa pipi. Mwanamume wake wa kwanza alikuwa akimtumia ujumbe mtamu kila asubuhi, mpaka siku alipogundua kuwa ujumbe ule ule, nukta kwa nukta, ulikuwa ukienda kwa wanawake wengine wawili. Kilichomuuma hakikuwa usaliti peke yake. Ni kwamba maneno yaliyomfanya alie kwa furaha yalikuwa mtumba. Aliapa kwamba atakayemtaka tena atamletea maneno mapya, hata yakiwa mabaya.

Lifti alimwambia mapema kwamba alikuwa na mke, na kwamba amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Sindano akasema pole, naye akasema nimeshapoa, na hapo wakaishia.

Jumamosi moja mchana alimkaribisha kwake. Vilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu, safi kupita kiasi, na sebuleni kulikuwa na kochi moja, meza, na santuri ya zamani iliyofunikwa kitambaa. Sindano alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, limebana pale panapotakiwa kubana. Lifti hakulisemea neno. Alimkalisha, akafuta sahani ya santuri kwa mkono wa shati, akaiweka chini ya sindano aliyokuwa ameshaipata.

"Ni muziki gani?"

"Roki. Si ile ya kurukaruka. Hii wenyewe wanaiita progresivu. Inageukageuka, haina haraka. Upande mzima wa sahani ni wimbo mmoja."

"Nisamehe, mpenzi, huo si wimbo. Hiyo ni hotuba."

Kinanda kikaanza kwa mbali, gitaa likaja likaondoka, ngoma zikaingia kama watu waliokosea nyumba.

"Huyu mtu ataimba lini?"

"Subiri."

"Nimesubiri mpaka chai imepoa."

Ghafla kila kitu kikanyamaza. Sindano akapiga makofi kwa adabu, akainuka kutafuta viatu vyake. Lifti akamshika mkono.

"Usitoke. Ndiyo kwanza mlango unafunguka."

"Mlango gani?"

"Sikiliza. Mtu amerudi kwao baada ya miaka mingi. Amegonga, kimya. Sasa mama yake anakuja kufungua, polepole, kwa sababu miguu inamuuma."

Kinanda kikarudi, chini kabisa, kikiburuta. Sindano akamwona yule mama. Alimwona na kanga yake mabegani, akipapasa ukuta, na nywele za mikono zikamsimama.

Ngoma zilipoingia tena aliuliza mbona zinajikwaa.

"Hazijikwai. Zina mguu mmoja mfupi. Hesabu nne, halafu tatu. Wimbo unachechemea, lakini unajua unakokwenda."

Alihesabu, na kweli: kila aliposubiri hatua ya nane, wimbo ulikuwa umeshaanza upya. Hapo ndipo alipompenda, si siku za zipu. Hakuwahi kukutana na mwanamume anayesikia vitu hivyo. Jumatatu kazini alijikuta akikanyaga cherehani nne, tatu, nne, tatu, na kola ya mteja ikaenda upande.

Simu zikawa ndizo chakula chao cha mchana.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Leo umenichagulia upi?"

"Upo mmoja. Mwanamke anachana nywele dirishani. Kinanda ndicho kitana."

"Nywele fupi au ndefu?"

"Ndefu," akasema. "Njoo usikie."

Akaenda, akasikia. Alienda tena na tena, mpaka akawa anaomba mwenyewe sahani hii na ile, na akikaa peke yake kwake anaziimba mdomoni zile sehemu zisizo na maneno. Muziki ule ulimwingia kwelikweli, wala hakuwa akijifanya ili kumfurahisha mtu.

"Jumapili Mama anakuja," Lifti akamwambia siku moja. "Mama wa marehemu. Sina mama mwingine aliyebaki. Nataka akuone kabla sijakuambia jambo."

Sindano alilijua hilo jambo. Alishona gauni jipya, la rangi ya kahawa, kola ya juu, la mtu anayetaka kuitwa mwanangu.

Mama alikuwa mfupi, sauti ndogo, macho yasiyokosa kitu. Aliishika ile kola kwa vidole viwili. "Umeshona mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Mkono wako mwepesi. Huyu mume wa mwanangu anahitaji mtu wa kumtazama, hajui hata kupiga pasi."

Wakacheka. Baada ya chakula Lifti akaweka ile sahani ya kwanza, wakakaa watatu. Ukimya wa katikati ulipofika, Mama akajiinua kupeleka vikombe jikoni. Sindano, kwa furaha ya kujiona ameshakuwa mtu wa nyumba, akamgusa goti.

"Usitoke, Mama. Ndiyo kwanza mlango unafunguka. Sasa sikiliza ngoma. Zina mguu mmoja mfupi."

Mama akakaa. Akaviweka vikombe chini. "Maneno hayo nani amekupa?"

"Mwanao huyu."

"Ni ya binti yangu." Akamgeukia Lifti, ambaye alikuwa akitazama sakafu, kisha akamrudia Sindano. "Amekupa na kitana?"

Sindano alichukua mkoba wake. Lifti alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Kila neno?" akamuuliza.

"Kila neno."

"Kwa hiyo mimi nimeolewa ukewenza na sikuambiwa. Mke mwenza aliye hai ningejua pa kumkamatia. Wa kwako hakosei, hazeeki, hanuki jasho. Nitamshindaje?"

"Si hivyo, Sindano."

"Basi ni vipi? Sema."

Akasema, ameshika chuma cha ngazi, bila kumtazama. Mkewe alipougua hakuweza kutoka nje, akawa anasikiliza sahani zake kutwa na kumwomba akae naye. Yeye alizichukia zile kelele. Alikuwa akikaa kidogo, anapata sababu, anatoka. Mara ya mwisho mkewe alimwambia kaa huu uishe, naye akajibu nitarudi ukiisha. Aliporudi, wimbo ulikuwa umeisha zamani, sindano ya santuri inakwaruza sahani tupu, na mkewe amelala kwenye lile kochi, ameshapoa.

"Sindano iliisha makali," akasema. "Ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nikaanza kusikiliza, nisikie alichokuwa anasikia. Sisikii kitu. Nina maneno yake tu."

Sindano alilia. Alimwonea huruma mpaka kifua kikamuuma, na bado hasira haikutoka. "Niambie neno moja," akasema. "Juu ya muziki, juu yangu, juu ya gauni hili. Moja tu, lako."

Lifti akafungua mdomo. Jirani akapita na ndoo, akawasalimu, akashuka. Mdomo ukajifunga.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," Sindano akamwambia. "Hilo nalo si langu, ni la wahenga, lakini mimi angalau nasema nimelitoa wapi." Akashuka.

Zikapita wiki nyingi. Simu ilipolia aliigeuza kifudifudi mezani. Mara moja alijisahau akapokea.

"Umekula?" Lifti akauliza.

"Usiniulize kama nimekula," akakata. Hakuwa amekula.

Kibaya zaidi, muziki haukumtoka. Angeweza kumsahau mwanamume, alishamsahau mmoja. Lakini mguu wake ulikuwa bado unakanyaga nne na tatu, na alijua ni nani aliyemfundisha: mwanamke aliyekufa. Alikonda, na gauni la rangi ya kahawa alilipunguza kiuno akaliuza kwa mteja.

Mama ndiye aliyekuja. Alipanda ngazi zote, kwa kuwa lifti hakuiamini, akakaa kwenye stuli ya wateja akihema.

"Siku ile nilikuumiza, mwanangu."

"Hapana, Mama. Mimi ndiye niliyekuumiza."

"Nisikilize. Binti yangu hakuijua lugha wanayoimba mle, wala habari za muziki. Alizipenda tu hizo kelele, kwa nini, mwenyewe hakujua. Lakini alikuwa mgonjwa, na mumewe hakai. Basi kila akimwona ananyanyuka, anazusha. Mara mlango, mara mguu, mara kitana. Mwanamume akisikia hivyo anakaa kidogo aone mwisho wake. Aliniambia mwenyewe, tukacheka sana." Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hakukuwa na mlango mle. Alikuwa anataka mtu asitoke."

Cherehani za jirani zilikuwa zikilia. Sindano akamsogelea. "Yeye anajua?"

"Hajui. Anadhani mkewe alikuwa na masikio ambayo yeye hana. Nami sitamwambia, maana akijua atahesabu kila siku aliyonyanyuka. Wewe nimekuambia ili usigombanie kitu ambacho hakikuwapo."

Alipopigiwa tena, Sindano alipokea.

"Njoo mara moja tu," Lifti akasema. "Ukitaka kuondoka, utaondoka."

Alikwenda na nguo za kazi, nyuzi zimemganda kwenye sketi. Lifti naye alikuwa amekonda. Sahani za zamani zilikuwa zimefungwa sandukuni, na juu ya santuri kulikuwa na moja asiyoijua.

"Hii yeye hakuwahi kuisikia," akasema. "Nimeinunua jana. Mimi pia sijaisikia."

Wakakaa kochi moja, mmoja huku mmoja kule. Wimbo ulikuwa mgumu, gitaa linagonga noti moja tu, linaacha, linagonga. Sindano alimwona Lifti akitafuta. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alifungua mdomo mara mbili na mara mbili hapakuwa na kitu, na Sindano akajua kwamba huruma aliyonayo ni nyingi lakini huruma haijengi nyumba. Alitaka kupendwa yeye, basi. Gitaa likanyamaza. Akavuta mkoba wake, akasimama.

"Subiri," Lifti akasema.

"Nini?"

"Hapa..." Akatazama santuri, akatazama mlango, akamtazama yeye. "Hapa kuna lifti imekwama."

"Lifti?"

"Kati ya ghorofa. Ndani kuna mwanamke. Hilo gitaa ni yeye, anagonga. Sasa amechoka, ameacha kidogo." Akanyoosha kidole sakafuni. "Fundi yuko chini. Anamsikia. Amekaa na chai yake, anasema nakwenda sasa hivi, nakwenda sasa hivi."

Gitaa likaanza kugonga tena. Hakukuwa na lifti mle ndani, wala mwanamke, wala chai. Sindano aliyajua masikio ya mtu huyu, hayakusikia kitu. Alikuwa anazusha, pale pale mbele yake, kwa woga, na macho yake yalikuwa kwenye mkoba wa Sindano.

Sindano akauweka mkoba chini. Akakaa.

"Enhe," akasema. "Halafu?"